Kinga Iliyokutwa Damuni

Nuria wa Soga hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa fundi cherehani, na hata mteja aliyeleta kitambaa kisichotosha hakumgombeza. Alimrudishia tu, kikiwa kimekunjwa vizuri. Ukimya huo, tangu alipoolewa Kisarawe, ukweni waliuita kiburi.

Siku ya arobaini ya baba mkwe wake, homa ilimwangusha kitandani. Mifupa ilimuuma kana kwamba inavunjwa, na macho hayakuvumilia mwanga. Nje, wanawake wenzake walipika pilau ya kisomo bila yeye. Jioni mumewe, Pazi, alimpeleka zahanati. Kipimo kikaonyesha kuwa hana malaria.

"Hana kitu," wifi yake, Zawadi, aliwatangazia majirani. "Mwenzenu alikuwa anakwepa moshi."

Likawa jina. "Hana Kitu, umeamkaje?" Mama mkwe, Bi Mwanajuma, akaacha kuitikia shikamoo yake. Nguvu zilipomrudia kidogo, aliambiwa kwamba Ijumaa atajieleza mbele ya wazee wa ukoo. Akishindwa, atarudishwa kwao.

Nuria hakubishana. Alikwenda maabara moja huko Kibaha, akaeleza maumivu yake, akatolewa damu. Mtaalamu alimfafanulia bila haraka: homa ile ilikuwa kidingapopo, ugonjwa wa mbu ambao kipimo cha malaria hakiwezi kuuona. Kirusi kilikuwa kimekwisha kutoka, lakini kinga ambazo mwili ulizitengeneza ili kupambana nacho zilikuwa bado damuni, na kinga za aina ile huonyesha kwamba mtu ameambukizwa karibuni.

Ijumaa alikaa mkekani moyo wake umetulia.

"Mama, sikudanganya. Wameipima damu yangu, wamekuta kinga."

Wazee walitazamana. Zawadi akapiga kofi moja, taratibu.

"Mmesikia? Kwa kinywa chake mwenyewe. Kinga ya mganga gani, wifi?"

"Ndiyo maana," alisema Bi Mwanajuma. "Mwenye kinga hakai kwenye kisomo, dawa yake ingeharibika. Mume wangu amekufa, mkwe wangu amejikinga. Alijikinga na nini humu ndani?"

"Si ya mganga, mama. Ni kinga ya mwili. Mbu akikuuma..."

"Kumbe mganga wako ni mbu," alidakia Zawadi, na mzee mmoja akacheka hadi akajipangusa macho. "Vua huo ushungi tuzione chale."

Nuria hakugusa ushungi. Alimgeukia Pazi. Huyu ndiye aliyemkanda kwa kitambaa cha maji alipokuwa akitetemeka. Neno lake moja lingetosha.

Pazi alikuna kidevu. "Sema tu ukweli, Nuria, yaishe. Hiyo kinga alikuwekea nani?"

"Mbu wa nyumba hii," alijibu, akainuka.

"Hatujamaliza," alifoka Bi Mwanajuma.

"Mimi nimemaliza, mama. Nilikwenda kuitafuta hiyo kinga ili nibaki hapa. Nimeipata, na hamu ya kubaki imeniishia."

Aliingia chumbani, akafungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akakibeba kifuani kwa mikono miwili. Wazee waliokuja kumrudisha kwao hawakupata nafasi ya kutamka hukumu. Walivuta tu miguu yao ili apite. Kichwa cha cherehani ni kizito, na hakuna aliyenyoosha mkono kumpokea.