Siku Niliyosema Mabomba Hayachemki

Miaka ile mashamba ya ngano ya serikali yalipokuwa yamejaa watu, nilikuwa mhudumu katika hospitali ndogo huko tambarare za Hanang. Nilifagia, nilimwaga ndoo, na nilichemsha mabomba ya sindano. Yalikuwa ya kioo, yanatumika kwa huyu na yule, kwa hiyo ilibidi yachemke dakika ishirini kamili kabla ya kumchoma mgonjwa mwingine.

Msimu wa kuvuna, vibarua wenye malaria walipanga foleni hadi nje ya uzio. Mafuta ya taa ya jiko la kuchemshia yalikuwa adimu. Sista mkuu, mama mkali niliyemwogopa tangu siku ya kwanza, aliingia chumba changu cha kuchemshia akisema, "Toa, toa, watu wanangoja." Maji hata hayajatokota. Nilitoa. Siku nyingi nilitoa, nikanyamaza.

Ndipo majipu yakaanza. Watu walirudi wamevimba pale pale walipochomwa. Asubuhi moja mama mmoja mfugaji alifika kwa miguu kutoka upande wa Balangdalalu, amembeba binti yake mgongoni. Paja la mtoto lilikuwa limevimba mpaka ngozi inang'aa. Nilimkumbuka mtoto, maana ni mimi niliyemshika mguu alipochomwa. Mama hakujua Kiswahili sana. Alinionyesha lile paja, akanitazama. Nilimpokea mtoto, nikampeleka wodini.

Wiki hiyo daktari mpya akaitisha kikao cha watu wote, hata sisi wafagiaji, ambao hatukuwahi kuitwa.

"Simtafuti mtu wa kumfukuza," alisema. "Ninyi mnaona mambo ambayo mimi siyaoni. Haya majipu yanatoka wapi?"

Nilikuwa na watoto wawili, na mama yangu kule Mbulu alinitegemea. Hata hivyo nikasimama.

"Shikamoo daktari," nikasema, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Wachache wakacheka. "Mabomba hayachemki. Yanatolewa mapema. Mimi ndiye ninayeyatoa."

"Kwa nini?"

Nikaangalia sakafu. Kumtaja mkubwa wangu mbele ya watu sikuweza.

"Mimi ndiye ninayemwambia ayatoe," sista mkuu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, nilikuwa sijawahi kuisikia hivyo.

Daktari hakufoka. Alituongoza wote hadi chumbani kwangu, akaniomba nionyeshe kazi yangu tangu mwanzo. Nikamwambia kuni zipo, tungeweza kuchemshia nje badala ya kusubiri mafuta. Wakakubali. Na wakaamua kwamba bomba halitoki kwenye sufuria mpaka mimi niseme tayari.

Siku chache baadaye daktari mwenyewe alikuja mbio. "Nipe moja, kuna mgonjwa amezidiwa."

"Bado, daktari. Dakika sita."

Nilidhani nimejifukuzisha kazi. Alisimama pale anahema, akangoja. Yule mgonjwa alipona, lakini dakika zile sita sikuzisahau.

Majipu yalipungua polepole. Yule binti alipasuliwa jipu, akalala wodini majuma matatu nikimwosha kidonda kila asubuhi, akaondoka anachechemea kidogo. Mama yake alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumwoshea mwanawe kidonda. Nilitaka kumweleza kilichomdhuru mtoto. Mkalimani alikuwepo, amesimama karibu yetu. Nikaogopa, nikamtakia safari njema.