Simiti ya Siku Tisa

Kila ikikaribia sikukuu ya Madaraka, mwalimu mkuu hunishika mkono kwenye korido na kuniambia, "Mwalimu, si wewe ndiye wa historia? Tuandalie dakika kumi. Mafunzo ambayo taifa letu la makabila mengi na rangi nyingi limepata tangu uhuru." Nami huandaa. Nasema umoja, nasema amani, nasema tulikotoka ni mbali, watoto wanapiga makofi, tunaenda kunywa chai. Uongo mtupu. Funzo nililo nalo ni moja tu, na siwezi kulisema mbele ya bendera kwa sababu linahusu kaburi, na simiti, na baba yangu mzazi.

Tulihamia Kitengela miaka ya tisini ikianza, mji ukiwa bado mstari mmoja wa maduka kando ya barabara ya Namanga. Nyuma ya maduka zilikuwa nyasi tu, na nyumbu walikuwa wakipita hadi uani kwetu na kukanyaga maharagwe ya mama. Sisi ni watu wa magharibi. Baba alikuwa fundi mkuu wa mawe, ameajiriwa, mshahara mwisho wa mwezi na kanisa Jumapili. Mtu akisifu nyumba mbele yake, baba anausogelea ukuta, anaugonga kwa kidole, anasikiliza, kisha anasema, "Mchanga mwingi." Hakuwa na marafiki wengi kwa sababu hiyo.

Rafiki yake mmoja wa kweli alikuwa jirani yetu Msomali. Ploti zetu zilipakana. Mbele alikuwa na duka la sukari na unga, nyuma boma la mbuzi aliowanunua kwa Wamaasai na kuwauza Nairobi. Alimwita baba "Fundi", baba akamwita "Jirani", na Idi ikifika au Krismasi ikifika walikula sinia moja. Binti yake alikuwa rika langu. Tulikaa dawati moja tangu darasa la tatu, na mpaka leo sijapata rafiki mwingine wa namna ile.

Baba yake alikuwa na kadi mbili. Kitambulisho cha kawaida kama cha baba yangu, na kadi nyingine ya rangi ya waridi waliyopewa Wasomali baada ya kupigwa msasa, yaani kuchunguzwa uraia wao. Siku moja nilimwuliza ya pili ni ya nini. Akaniambia, "Ya kwanza inaonyesha mimi ni Mkenya. Ya pili inaonyesha ya kwanza si ya uongo." Akacheka sana, nami nikacheka. Nilikuwa mtoto, sikuona kwamba macho yake hayakucheka.

Kisha ikaja ile mvua kubwa ya mwaka wa tisini na saba. Mto ulifurika, barabara ya Nairobi ikakatika, na katikati ya mafuriko hayo nyanya yake rafiki yangu akafa. Mama mkongwe yule alikuwa akikaa chumba cha nyuma, akiniita "gabar", yaani msichana, na kunipa tende mkononi kila nikipita. Waislamu huzika siku hiyo hiyo, na kumpeleka makaburi ya Nairobi haikuwezekana. Mzee mmoja Mmaasai, aliyezoea kuwauzia mbuzi, akawapa kona ya shamba lake. Wanaume walikuwa wachache. Baba akachukua sururu bila kuitwa, akachimba udongo ule mweusi unaonata, na wakati wa kubeba akaweka bega.

Alirudi na matope hadi mapajani. Alikaa kwenye ngazi akamwambia mama, "Wanazika haraka hao watu. Na hawaweki kitu! Tuta la udongo na mawe mawili, basi. Kesho kutwa ng'ombe atapita juu." Alisema kwa uchungu. Kwetu magharibi, mtu wa heshima hujengewa. Babu yangu amefunikwa kwa simiti laini ambayo baba aliikoroga mwenyewe, jina limeandikwa, na kila Desemba tukienda nyumbani baba hulipangusa kaburi kwa kitambaa kama meza ya wageni.

Miaka miwili na kitu baadaye tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, mimi na rafiki yangu, na kila mmoja alikuwa na barua yake. Yangu ya chuo cha ualimu. Yake ya uuguzi, kitu alichokitaka tangu alipomwona nyanya yake akikosa pumzi na hakuna mtu wa kumsaidia. Barua yake ilisema waziwazi: afike Jumatatu ya kwanza ya Septemba na kitambulisho halisi. Asiyekuwa nacho nafasi yake inapewa mwingine.

Tulienda kuomba vitambulisho siku moja, laini moja, yeye mbele yangu. Karani aliangalia jina lake, akamwangalia usoni, akasema, "Wewe kaa upande ule." Upande ule palikuwa na benchi la watu wa aina yake. Mimi niliulizwa jina, kwetu ni wapi, nikapakwa wino vidole kumi, nikaenda. Nilipokuwa nikijifuta wino kwenye nyasi nje nilimwona kupitia mlango amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Nilimpungia mkono. Aki, nilimpungia mkono kama mtu anayeaga kwenye stendi!

Yeye aliitwa mbele ya kamati ya wazee pale Kajiado, pamoja na afisa mmoja kijana aliyevaa tai. Walimwuliza ataje chifu wake, ataje milima, aimbe wimbo wa taifa. Aliimba yote, hadi beti ambazo mimi mwalimu huzikosea. Kisha afisa akamwuliza, "Babu yako amezikwa wapi?"

"Alifia safarini akipeleka mifugo, kati ya Wajir na Isiolo. Hatujui mahali."

"Nyanya?"

"Kitengela."

"Basi tutakuja kuliona hilo kaburi. Na awepo shahidi aliyeona akizikwa. Asiwe Msomali."

Wakampa wiki mbili. Baba aliposikia aliruka kutoka kitini. "Shahidi? Si ni mimi! Nilichimba kwa mikono hii!" Yule mzee Mmaasai mwenye shamba alikuwa amehamisha ng'ombe kufuata majani upande wa Tanzania, kwa maana sasa kilikuwa kiangazi kibaya, lakini nani alimhitaji? Tulikuwa na baba. Mama alipika chapati, jirani akaleta nyama ya mbuzi, tukala tukicheka. Rafiki yangu alisoma barua yake ya chuo kwa sauti, hadi orodha ya soksi nyeupe.

Jumamosi iliyofuata baba alitoka na toroli. Alikuwa na mfuko wa simiti aliouweka kwa ajili ya sakafu ya jikoni. Alirudi jioni akipiga mluzi wimbo wa kanisa, na mama alipomwuliza sakafu itamalizika lini, akasema, "Hiyo simiti imepata kazi ya maana." Hakusema zaidi, nasi hatukuuliza. Alitaka iwe zawadi.

Siku ya kamati Land Rover ilitangulia, sisi tukafuata kwa miguu. Jirani alipoona kaburi alisimama ghafla. Lile tuta halikuwepo. Palikuwa na bamba la simiti, kingo zimenyooka, limelainishwa hadi linang'aa, na juu yake, kwa msumari, jina la mama yake na mwaka aliokufa. Nilimwangalia baba. Alikuwa anatabasamu, maskini, akisubiri kushukuriwa.

Afisa alizunguka kaburi mara moja. Katika kamati alikuwemo mzee mmoja Msomali. Akamgeukia. "Mzee, nyinyi huwa mnajengea makaburi namna hii?"

Yule mzee alimtazama jirani yetu, akatazama chini. Alikuwa na kadi mbili yeye pia, na watoto. "Hapana," akasema. "Sisi hatujengi."

Afisa akachuchumaa, akakwaruza bamba kwa ufunguo wa gari, vumbi likatoka. "Hii simiti ni ya lini?"

Jibu lilikuwa jepesi. Baba angesema miaka miwili, au angesema ni ukarabati, au angenyamaza. Lakini tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia baba akidanganya kuhusu simiti. "Siku tisa," akasema.

"Siku tisa," afisa akarudia, akiandika. "Na marehemu ana miaka miwili. Haya basi! Kaburi la kutengenezwa."

"Mimi ndiye nilichimba!" baba akapaza sauti. "Nilimbeba! Mguu wa jeneza ulikuwa kwa bega langu hili! Chimbueni mtamkuta!"

"Umelipwa pesa ngapi, mzee?"

Nilimwona baba yangu, mtu wa futi sita, akijitazama viganja. Rafiki yangu hakulia. Alikuwa ameleta nakala za barua ya chuo ndani ya karatasi ya plastiki, akazirudisha mkobani moja moja.

Land Rover ilipoondoka jirani alikuwa bado amesimama pale pale. "Fundi," akasema, "mbona hukuniuliza?"

"Nilitaka kusaidia, Jirani."

"Miaka kumi tunakula sinia moja. Miaka kumi! Mbona hukuniuliza?"

Kesho yake baba na jirani walienda wawili, kila mmoja na nyundo, wakalivunja lile bamba polepole ili wasimsumbue aliyelala chini. Mama anasema baba alirudi na vipande kwenye toroli, akavimwaga nyuma ya choo. Sakafu ya jikoni ilikaa udongo mpaka mama mwenyewe alipotafuta fundi mwingine.

Septemba ikafika. Nilipita dukani kuaga, sanduku mkononi, kitambulisho changu kipya mfukoni kikinichoma. Nilimkuta rafiki yangu anapima sukari. Nikamwambia pole.

"Pole ya nini? Kwani wewe ulifanya nini?"

Hapo ndipo aliponimaliza, na hakukusudia. Sikufanya kitu. Sikufanya kitu kupata, naye hakufanya kitu kukosa. Babu yangu ana kaburi linalong'aa na hakuna mtu hata mmoja, mpaka leo, aliyewahi kuniuliza liko wapi.

Kitambulisho chake kilitoka mwaka wa sita wa kungoja, bila maelezo, bila pole. Kufikia hapo chuo kilikuwa kimemsahau zamani na yeye alikuwa anaendesha duka.

Sasa mkitaka funzo, na niko na hasira kwa hivyo nisameheni, ni hili. Uhuru ulipokuja tuliondoa shingoni kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, tukashangilia, kisha tukakaa chini kupanga nani kati yetu avalishwe kingine. Watu wa kaskazini, kina jirani yetu, walikipata kwanza. Sisi wengine tulinyamaza, tukadhani ukarimu unatosha: kula Idi, kubeba jeneza. Baba alimpenda yule mtu kama ndugu na hakujua anavyomzika mama yake. Mapenzi ya namna hiyo serikali inayavunja kwa ufunguo wa gari.

Na swali lenyewe halikukaa kwao. Mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na nane, baada ya ule uchaguzi uliomwaga damu, vijana tusiowajua walisimama kwenye geti letu wakamwuliza baba, aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, "Mzee, kwenu ni wapi?" Baba akaanza kuwaonyesha kuta. Walimsikiliza kidogo, wakampa siku tatu awe amehama. Hawakurudi, Mungu ni mkubwa, lakini tangu siku hiyo baba hakugonga tena ukuta wa mtu.

Mwaka uliofuata jirani akafa, ghafla, asubuhi, akiwa anafungua duka. Nilikimbia kutoka kazini. Wanawake hawaendi kuzika kwa desturi yao, kwa hivyo nilikuwa ndani na rafiki yangu, maiti imeshaoshwa, wanaume wamekusanyika uani. Chifu alikuwepo, tena kwa kuitwa. Mpiga picha wa pale stendi alikuwepo na kamera shingoni, na nilishangaa, maana ni wapi umeona mpiga picha kwenye maziko yao?

Rafiki yangu alitoka akamwita baba pembeni ya mlango. Alimwita Baba, kama alivyomwita siku zote.

"Baba, utashika hili gazeti. Ni la leo. Simama upande wa kichwa cha kaburi, chifu awe kando yako. Tarehe ionekane."

Baba alilipokea kwa mikono miwili. "Lakini mama, si ulishapata kitambulisho?"

"Nilipata."

"Sasa hii ni ya nini?"

Akageuka, akateremsha leso kidogo. Mgongoni alikuwa na mtoto wake wa miezi minne, amelala, mdomo wazi.

"Ya huyu," akasema. "Akifika miaka kumi na minane wewe hutakuwepo wa kuulizwa."

Baba alivua kofia, akaliweka gazeti ndani ya koti, akaenda kuweka bega. Nakala ya ile picha ninayo. Tuta la udongo, mawe mawili, chifu anatazama kando, na baba yangu amelishika gazeti kifuani kama mahabusu anavyoshikishwa namba. Analia, lakini tarehe inasomeka.