Wimbo Aliompa Packie

Kama kuna mtu aliyenichanganya akili miaka thelathini, ni Attracta Scanlon. Mpishi wa shule yetu, mwembamba, mkali kwa watoto wasiomaliza viazi, na ana filimbi nyeusi ya mti, ina ufa, ameifunga uzi wa kushonea viatu. Akiipuliza, hata mbwa wangu huacha kujikuna. Akiimba ndiyo usiseme: lazima aliye karibu amshike mkono auzungushe polepole, kama tunavyofanya huku, la sivyo utadhani atapaa. Wageni wa kiangazi huuita muziki wa Kiselti, eti wa mababu zetu wa kale, na kupiga picha. Sisi tunasema muziki tu, na akimaliza tunamsifu kwa kelele, "Muziki wangu wewe!"

Mimi ni Bartley, jirani yake, mpiga fidla. Ukuta wa mawe tu ndio unaotutenganisha. Majira ya baridi miaka thelathini iliyopita, wiki tatu nzima, nilimsikia kwenye banda lake la kuni akitafuta wimbo. Anapuliza kipande, anakosea, anatukana, anarudia. Sehemu ya kwanza aliipata upesi. Ya pili ilimsumbua mpaka nikawa naiota mimi! Ijumaa moja akaupiga jikoni kwa Packie Durcan, ambako wanamuziki wote tulikuwa tukikutana, na wote tukaweka vyombo chini. Mtu akauliza, kama ilivyo desturi, "Umeutoa wapi huo?" Maana huku wimbo hubeba jina la aliyekupa.

"Kwa Packie," akasema.

Kwa Packie? Jamani! Nikamtazama Packie. Naye akatazama chai yake, akasema, "Akisema nilimpa, basi nilimpa." Toka siku hiyo ukaitwa Wimbo wa Packie, kuanzia hapa kaunti yetu ya Sligo mpaka kwa jamaa zetu waliohamia ng'ambo, Boston.

Nimemwuliza mara ngapi! "Attracta, mbona umegawa mali yako?"

"Wewe Bartley, nenda kalishe ng'ombe."

Nikawaza labda alimpenda. Lakini Packie alikuwa na mkewe, Dympna, na Dympna na Attracta ni chanda na pete. Nikawaza labda anaogopa kuonekana anajisifu. Nalo halikuniingia akilini, maana mwanamke huyu hamwogopi hata padri. Basi nikawa sielewi, na kutoelewa kunanitia hasira.

Mwaka jana Packie akafariki. Dympna akaagiza jiwe la kaburi na kututangazia kwamba chini ya jina la marehemu pataandikwa jina la wimbo. Hapo nikasema imetosha. Neno la mdomoni laweza kurekebishwa. Likishachongwa na kila mtu akanyamaza, wajukuu wetu watalisoma hivyo hivyo, na Attracta, asiye na mtoto wala hata kanda moja iliyorekodiwa, atakuwa hajatunga kitu duniani. Nikaapa nitasema, liwalo na liwe.

Jumapili ya kufunua jiwe, baada ya misa, tulisimama makaburini watu kama arobaini, upepo unatuvuta makoti. Attracta akatoa filimbi. Nikakohoa.

"Kabla hajapiga, mjue jambo. Wimbo huu si wa Packie. Ni wa huyu hapa. Mimi niliusikia ukizaliwa."

Dympna akageuka taratibu.

"Hilo tunalijua, Bartley."

"Mnalijua?"

"Packie aliniambia siku ileile. Mume wangu hata kuchemsha yai alikuwa hawezi, kutunga angetungia wapi?" Watu wakacheka. Padri naye akatikisa kichwa kukubali. Kumbe kijiji kizima!

"Sasa jiwe mmelichongea nini?"

"Muulize mwenyewe."

Attracta alikuwa anafuta filimbi kwa mkono wa sweta. "Nilikuwa na miaka kumi na sita," akasema. "Niliingia ile baa ya njia panda, msichana peke yangu. Kwenye benchi wamekaa wanaume watatu, wanapiga. Nikasimama mlangoni nyimbo saba. Wa nane ulipoanza Packie akainuka, akahamia kwenye kreti la bia, akaniambia, kaa, piga. Asingeinuka, ningerudi nyumbani nisiguse filimbi tena. Nyimbo zangu zote alinipa yeye."

"Na hao wawili wengine?" Nikauliza hivyohivyo, ulimi mbele.

"Mmoja ameshakufa," akasema. Hakuwa na ukali. Bora angekuwa nao.

Nikakaa kwenye ukuta mfupi wa makaburi. Nyani haoni kundule. Ile baa naikumbuka. Nilikaa na fidla yangu mwisho wa benchi, upande wa mlango, na nilimwona. Nakumbuka hata viatu vyake vilivyolowa. Nilijiambia anamsubiri baba yake, ilhali filimbi alikuwa ameishika mkononi.

Akaanza kupiga. Dympna akapaza sauti, "Muziki wangu wewe!" na wengine wakaitikia. Fidla yangu sikuitoa. Nilijikuta nimesogea pale ukutani, nimeacha nafasi ya mtu mmoja. Attracta alipiga akiwa amesimama, mpaka mwisho.