Siku Wakwe Walipojibebea Pombe Yao

Kuna aibu ambayo mtu anaificha mpaka anakufa nayo, na kuna ile ambayo ukoo mzima unakutunzia, wanaitoa kila Krismasi tukikusanyika kijijini, mbuzi hata hajachunwa, tayari mtu anauliza, "Ile ya Kibosho mnaikumbuka?" na watu wanaanza kushika mbavu. Basi leo naisimulia mwenyewe, kwa sababu wao wanaisimulia vibaya. Niliaibika kweli, sikatai, ila kosa halikuwa langu (au halikuwa langu lote, na zaidi ya hapo sikubali hata mnipe nini).

Miaka ya tisini, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakiuza mali zao, nilinunua mnadani gari kuukuu la milimani, bodi ya bati, gia ya mkono, magurudumu yote manne yanavuta, na nyumbani kwangu Njoro, mjini, tukaliita Nyati. Mimi si fundi, lakini Nyati nililijua kuliko nilivyowajua watoto wangu (mke wangu ndiye anayesema hivyo, tena hasemi kwa kunisifu). Nilijua kwamba gari la namna ile haliuawi na mlima, linauawa na matope na maji yanayopenya kwenye difu, zile gia za kwenye ekseli, na giaboksi mpaka oili inageuka rangi ya maziwa. Ndiyo maana vitundu vya kupumulia vya difu nilivifungia mipira mirefu nikaipandisha hadi juu karibu na boneti, viungo vyote nikavishindilia grisi, na kwa ajili ya kile kitundu cha chini ya klachi nilikuwa na kizibo chake cha chuma, kinafungwa kama bolti.

Hicho kitundu lazima nieleze, maana bila hicho hamtaelewa nilivyoonewa. Injini kuukuu huvujisha oili kidogo kwa nyuma, na kitundu kiliwekwa ili ile oili idondoke zake barabarani isifike kwenye sahani ya klachi. Ukitaka kuvuka mto unakiziba maji yasiingie, ukishavuka unakizibua. Usipokizibua, oili inajaa mle ndani, sahani inalowa, na klachi iliyolowa oili haishiki, injini inapiga kelele na magurudumu hayana habari. Nilijua hayo yote. Narudia, nilijua.

Sasa mdogo wangu Aloyce alikuwa amempenda Adelina, binti wa Kibosho juu kabisa, na mimi nikateuliwa mshenga. Mambo yalikuwa mazuri isipokuwa baba mdogo wa yule binti, mtu mmoja mwenye sauti kama kengele ya kanisa, ambaye alikuwa na mchumba aliyemchagulia yeye, kijana wa Sanya Juu mwenye maroli. Baba wa binti, Mzee Kanuti, akakata maneno: tulete mbege, pombe yetu ya ndizi, Jumamosi, isipofika Jumamosi atawasikiliza wa Sanya Juu. Na kwetu kila mtu anajua, mbege ya kuombea mke haiendi yenyewe. Mwombaji ndiye anayeitolea jasho, anaifikisha mpaka uani, ndipo unasemekana umeomba.

Ilikuwa masika, na daraja la magogo la kule lilikuwa limechukuliwa na maji. Watu wenye akili wakasema madebe yashushwe mtoni, vijana wetu wayabebe kichwani. Mimi nikasema hapana, Nyati atavuka. Tena kwa kuwa nilikuwa na suti mpya ya kijivu na sikutaka kulala matopeni nimeivaa, asubuhi ile nilivaa ovaroli nikaingia chini ya gari nyumbani, nikakifunga kizibo hukohuko Njoro, halafu nikaoga, nikavaa suti. (Najua mnachotaka kusema. Kwamba oili ilianza kujaa tangu Njoro. Nyamazeni kwanza.) Mpango wangu ulikuwa ng'ambo ya mto nivue koti, nilale kwenye gunia, nikizibue.

Mto tulivuka vizuri sana! Maji yalifika juu ya ekseli, Nyati ananguruma, baba mkubwa Melkiori kando yangu anasali kwa sauti, na nyuma, walikokaa wazee wetu wengine wawili, mbege haikumwagika hata tone. Hilo hakuna anayelisimulia Krismasi. Lakini ng'ambo tukawakuta mashangazi wa binti wamekuja kutulaki, wamejipanga na khanga zao mpya, wanapiga vigelegele. Nikasimamisha gari, nikaanza kuvua koti.

"Unafanya nini?" baba mkubwa akauliza.

"Naingia chini, nakifungua kile kizibo. Nilikueleza njiani."

"Chini ya gari? Mshenga? Mbele ya wakwe?" Akanishika mkono kama anayemshika mwizi. "Mbe, unataka waseme tumemleta utingo aje kuposa? Vaa koti lako. Twende."

Nikamwambia klachi itakufa. Akaniambia klachi haioi. Na shangazi mkubwa alikuwa ameshafika dirishani, nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba baba, mbona mnakawia, wazee wameshakaa. Nifanyeje? Mtu mzima ananiamuru, wakwe wananitazama. Nikavaa koti.

Kutoka mtoni hadi kwa Mzee Kanuti ni mlima mmoja, umebanwa na migomba na kahawa huku na huku, hakuna pa kugeuzia. Nusu ya mlima Nyati akaanza kupayuka, nakanyaga mafuta, injini inalia, gari linapunguza mwendo, na harufu ya kuungua ikaingia ndani mpaka baba mkubwa akaacha kusali akaanza kukohoa. Likasimama. Likaanza kurudi nyuma, na mashangazi walikuwa wanakuja nyuma wanaimba. Nikavuta handibreki kwa mikono miwili, tukalala ubavuni kwenye tuta. Nyimbo zikakatika.

Hapo nilipandwa na hasira, mimi ni mtu wa hasira. Nikatoka, sikuvua koti wala nini, nikajitupa chini ya gari matopeni na spana, nikakifungua kizibo, na oili yote iliyokuwa imekusanyika mle ndani ikanimwagikia usoni, ikaingia kwenye shati jeupe, tai, suti, masikioni. Nilipotoka baba mkubwa alinitazama, akasema, "Si nilikwambia usiingie."

Si nilikwambia! Mpaka leo nikikumbuka neno hilo nashindwa kumaliza chakula.

Klachi ilikuwa imeshaungua, haikuwa na kurudi. Wazee wetu walikuwa watatu na wote magoti yao yamekwisha, vijana tuliwaacha mjini (kwa sababu Nyati angetosha). Mvua ikaanza. Nikainua debe la kwanza, oili ya mikononi ikalitelezesha, nusura limwagike lote. Shangazi mkubwa akatazama madebe, akanitazama mimi, akakunja khanga akatengeneza ngata. "Meku, mzee wangu, pisha," akamwambia baba mkubwa. Mashangazi wakajitwisha mbege wakapanda nayo, na sisi waombaji tukawafuata nyuma mikono mitupu, mimi nikiwa wa mwisho, nanuka kama gereji.

Uani tulikuta ukoo mzima umekaa. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Baba mdogo akasimama.

"Naomba kuuliza," akasema kwa ile sauti yake. "Hii pombe imeletwa na nani? Mimi naona imeletwa na dada zangu. Hawa wageni wamekuja kutembea tu, tena mmoja ameanguka kwenye pipa la oili. Kwa hiyo pombe ya kuomba haijafika, na leo ni Jumamosi."

Wazee wakaguna kwa kukubali. Ndivyo mila ilivyo, hata mimi ningekuwa upande wao ningesema hivyo hivyo. Nilianza kueleza habari za kitundu cha klachi. Nilifika kwenye sahani, Mzee Kanuti akanyoosha mkono ninyamaze. Nikamfikiria Aloyce, aliyekuwa anangoja nyumbani Njoro, na jinsi nitakavyomwambia.

Ndipo Adelina akaingia. Binti hatakiwi kuonekana mpaka aitwe, na hakuna aliyemwita. Alitokea upande wa barabara, amelowa, matope mpaka magotini, na kichwani ana debe la mwisho, lile lililokuwa limebaki garini. Akalitua mbele ya baba yake.

"Baba mdogo anauliza imeletwa na nani," akasema. "Hii nimeileta mimi, na mimi ndiye ninayeomba."

Mzee Kanuti akalitazama debe, akamtazama mwanawe kuanzia matope hadi uso, kisha akaomba kata. Akaonja, na kwetu baba wa binti akishaonja, ombi limekubaliwa. Akampitishia baba mdogo, naye hakuwa na la kufanya ila kunywa. Mashangazi wakapiga vigelegele, baba mkubwa Melkiori akalia machozi, na mimi nikakalishwa kwenye gunia ili nisichafue kiti.

Tulirudi mjini kwa miguu na kwa kuombaomba lifti. Aloyce alinikuta mlangoni, nikamsimulia yote hadi debe la Adelina, na nilitegemea walau neno la pole, kwa suti, kwa klachi, kwa uso wangu. Yeye, macho yanang'aa, akasema, "Kaka, asante sana kwa kuharibikiwa."

Nilimfukuza nyumbani kwangu. Na niliapa siku ile, na kiapo kipo hadi leo: ushenga sitaki tena, hata aoe mwanangu wa kumzaa.