Mwalimu Kondo na Madawati ya Katikati

Sisi tuliosoma Kisarawe enzi zile hatukumwita mwalimu kwa jina lake isipokuwa akiwa mbele yetu. Kila mmoja alikuwa na jina la pili, na jina hilo lilitokana na jambo alilolifanya bila kujijua. Mwalimu wa Hisabati alikuwa Kwa Hiyo, kwa sababu alianza nalo na kumalizia nalo, hata akiomba maji ya kunywa. Wa Historia alikuwa Leso. Hakukalia kiti mpaka akitandike leso nyeupe, na akiondoka aliikung'uta dirishani mara tatu, kana kwamba sisi ndio tulioitia vumbi. Madam Mshana wa Baiolojia tulimwita Daktari. Ukikutana naye hata sokoni atakusimamisha, atakushusha kope la chini kwa kidole, kisha atakuambia mbele za watu kwamba una upungufu wa damu na ukale matembele.

Ilikuwa shule ya kutwa. Tulifika asubuhi umande haujakauka, kila mtu na fagio lake na kidumu cha maji, soksi zimeshalowa. Msimu wa korosho harufu ya mabibo yaliyoiva iliingia madirishani mpaka unasikia ulevi kwa pua tu. Saa nne tulikimbilia mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati na kupakwa pilipili, tukirudi darasani midomo inawaka. Hatukuwa na vitabu vya kutosha, kwa hiyo tuliandika noti zote kutoka ubaoni. Wanangu nikiwaambia kwamba tulichora ramani ya Afrika kwa mkono, na mito yake yote, wananitazama kama niliyesema tulitembea hadi mwezini.

Aliyetufundisha ramani hiyo ni Mwalimu Kondo.

Alikuwa mtu wa Chole, huko huko wilaya ya Kisarawe, mweusi, mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Alifundisha Jiografia bila kushika kitabu. Ufundi wake mkubwa ulikuwa Afrika: aliweka chaki pale Tunisia, akashuka nayo pwani ya mashariki, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema, akapanda magharibi na kurudi Tunisia bila kuinua mkono. Mstari ulikutana na mwanzo wake, naye akapiga nukta. Darasa zima lilikuwa likishusha pumzi.

Jioni alicheza drafti kwa vizibo vya soda mbele ya duka la karibu na stendi, na hapo hakuwa na mpinzani. Jina lake la pili lilikuwa Rada, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kugeuza kichwa chote, polepole, kutoka ukuta hadi ukuta, kama anayetafuta ndege angani. Tuliamini ndiyo mbinu yake ya kukamata wanaonakiliana.

Tulipoingia kidato cha nne, mambo yakaanza kwenda kombo kidogo kidogo. Mwalimu aligonga bega kwenye fremu ya mlango. Alipiga teke ndoo ya maji iliyokuwa mahali pake pa siku zote. Waliokaa pembeni walinyoosha mikono mpaka ikachoka naye hawaiti, wakadhani ana upendeleo. Kwenye drafti wachezaji walianza kumla pembeni mwa ubao, wakimcheka na kumwambia mzee umri umebisha hodi. Mtaani wakasema anakunywa. Mtu aliyekuwa wa kwanza msikitini.

Kisha Afrika ikakataa kufunga. Siku hiyo alizunguka bara lote kama kawaida, akarudi kaskazini, akapiga nukta yake kwa fahari. Mstari ulikuwa umeishia shubiri nzima mbali na ulipoanzia. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alitugeukia akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi vizuri.

Seif ndiye aliyeliona mapema kuliko sisi. Alikuwa mcheshi wa darasa, mtu wa kuigiza mwendo wa kila mwalimu, na ili umwigize mtu sharti umtazame. Wakati wa mapumziko alisema, bila utani, kwamba Mwalimu haoni pembeni. Anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Hapo ndipo tulipofanya tulichofanya, na nataka nieleze vizuri kwa nini, maana asiyekuwepo anaweza kudhani tulikuwa wajinga. Tulipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Fizikia aliugua, akahamishwa, na hakuja mwingine mpaka mwaka ukaisha. Tulikuwa tumeonja darasa lisilo na mwalimu. Lakini hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine tulitoka nayo nyumbani. Mama yangu alikuwa akituambia: ukiona mtu mzima khanga imemdondoka, geuza uso mpaka ajifunge. Ndivyo tulivyolelewa, karibu wote. Aibu ya mkubwa haisemwi, inafunikwa.

Mimi nilikuwa kiranja wa darasa. Nilisimamia kazi hiyo mwenyewe. Tuliyasogeza madawati yote ya pembeni yakabanana katikati, tukaacha njia pana kutoka mlangoni hadi ubaoni. Ndoo ikahamia nje. Seif akapewa dawati la mlangoni, kazi yake ikawa kusema shikamoo mwalimu kwa sauti kubwa kabla ya wengine, ili Mwalimu ajue fremu iko wapi. Anayetaka kujibu swali alitaja jina lake kwanza. Na Mwalimu akimaliza ramani na kushuka ubaoni, wa mbele aliinuka kama anayekwenda kufuta vumbi, akaifunga Afrika kwa chaki.

Tuliapa kutosema nje ya darasa. Hakuna aliyesema.

Ikawa kama zamani. Bega halikugonga tena, ndoo haikupigwa teke. Mwalimu alichangamka, akatusifu kwamba siku hizi tuna adabu. Nami nilijisikia mtu mzima, mwenye busara, mlinzi wa siri ya mwalimu.

Muhula wa mwisho walikuja madaktari wa macho kwa siku mbili. Tangazo lilisomwa kwenye mstari wa asubuhi. Madam Mshana alimfuata Mwalimu Kondo akapime, kwa sababu naye alikuwa ameona mambo njiani na ofisini. Mwalimu akamwambia macho yake hayana neno, na kama haamini aende akawaulize wanafunzi wake. Madam akaniita ofisi ya walimu. Tulikuwa sisi wawili tu.

"Zuhura, nakuuliza kama mama yako," alisema. "Kondo anaona?"

"Anaona, madam."

"Usiniambie ninachotaka kusikia. Anaona vizuri?"

"Jana kasahihisha daftari la Seif. Kaona hata nukta iliyokosekana."

Nilisema kweli, na ndiyo maana uongo wangu ulipita. Madam akaniambia nirudi darasani. Siku mbili zikaisha, madaktari wakaondoka.

Tulifanya mtihani. Jiografia ilitutoka kama maji, na tukatawanyika tukiwa na furaha. Kabla hata matokeo hayajatoka, tukasikia Mwalimu Kondo amegongwa na pikipiki akivuka barabara akiwa na baiskeli yake. Ilitokea upande wa kulia. Dereva aliapa kwamba mzee aligeuza kichwa akatazama, kisha akaingia. Alivunjika paja, na akiwa kitandani hospitali ndipo daktari mmoja alipommulika machoni.

Nilipokwenda kuchukua cheti, Madam Mshana alinieleza, na sasa nawaeleza nanyi, kwa sababu huenda mmoja wenu ana mtu wa hivyo nyumbani. Inaitwa presha ya macho. Haiumi. Haianzi kukuondolea herufi za kitabuni, inaanza kula pembeni. Mtu anaweza kusoma, kuandika, kutunga uzi kwenye sindano, huku dunia inamfunga kama mlango unaosukumwa taratibu kutoka pande zote. Ikigunduliwa mapema kuna dawa ya matone, na kilichobaki kinabaki. Kilichokwenda hakirudi. Jicho la kulia la Mwalimu lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa limebaki na upenyo, na kwa kuwa matone yalichelewa, mwaka uliofuata ukaziba.

Madam hakunilaumu. Alisema tu, kwa sauti ya kufundishia, kwamba miezi ile tangu madaktari waje ingetosha kuokoa kilichokuwa kimebaki.

Mimi na Seif tulikwenda Chole kumwamkia. Mkewe, Bi Mwanaidi, alitukaribisha uani. Mwalimu alikuwa mkekani, mguu ameunyoosha, anachambua korosho zilizobanguliwa kwa vidole, nzima huku, zilizovunjika kule. Tulitoa shikamoo, akaitikia marahaba na kututaja kwa majina kabla hatujasema lingine. Akataka kujua Jiografia nani kapata nini, mmoja baada ya mwingine, darasa zima. Nilimtajia. Kila alama nzuri alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Halafu akasema, bila kuulizwa, jambo ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Ule mwaka wenu nilipata nafuu sana. Kabla yake nilikuwa nagonga kila kitu, nikaanza kuogopa. Kwenu sikugonga hata dawati. Nikamwambia mama huyu, macho yamerudi. Ndiyo maana wale madaktari walipokuja sikuona haja."

Bi Mwanaidi alikuwa mlangoni na sinia. Seif alinitazama. Ningeweza kunyamaza tena. Nilikuwa na uzoefu.

"Mwalimu," nilisema, "madawati tuliyasogeza sisi."

Vidole vyake vilisimama juu ya korosho.

"Yote?"

"Ya pembeni yote. Na ndoo tuliitoa nje."

"Na mlangoni?"

"Mlangoni alikaa Seif. Ile shikamoo yake."

Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya jiko, na nilitamani wapige kelele zaidi. Aliichukua korosho moja, akaizungusha, akatafuta ufa, akaizungusha tena, hakuiweka huku wala kule.

"Mlikuwa watoto wazuri," alisema mwishowe. Akamwambia mkewe atuletee uji.

Tuliunywa wote, hadi chini. Sijui kama kuna tusi lingeniuma kuliko sifa ile. Mwalimu aliishi miaka mingi baada ya hapo, gizani. Kila Idi nilikwenda kumwamkia, na hatukulizungumzia tena.

Sasa naishi Tangini, Kibaha, na binti yangu Rehema yuko kidato cha tatu. Shuleni kwao hawachoti maji, hawajui mwalimu wa leso, na majina ya utani ya walimu wao yote yametoka mtandaoni. Hivi karibuni alirudi anacheka na simu yake, akanionyesha video waliyoirusha kwenye kundi la darasa. Mwalimu wao wa Kemia anaandika ubaoni, mkono unamtetemeka, herufi zinapanda na kushuka, na darasa zima nyuma yake linaguna kwa kicheko. Nilimpokonya simu. Nilimwambia maneno ambayo mama yangu angeniambia mimi: kwamba hawana haya, kwamba kizazi chao hakina sitara, kwamba sisi mwalimu tulimheshimu hata kivuli chake.

Siku chache baadaye akaniambia, bila kinyongo, huku anavua viatu vya shule, kwamba ile video ilifika mpaka kwa mke wa mwalimu. Alimpeleka hospitali kesho yake. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, umekutwa bado mchanga, amepewa dawa, na leo ameingia darasani. Wamemwimbia. Walikuwa wakimcheka na sasa wanamwimbia, na hawaoni tatizo lolote kati ya mambo hayo mawili.

Nilikuwa napepeta mchele, nikaendelea kupepeta.

"Mama," Rehema akaniuliza, "kwani nyie enzi zenu mngefanyaje?"

"Tungemsitiri," nilisema.

"Halafu?"

Alisimama pale akisubiri, kiatu kimoja mkononi. Ni mtoto mwenye adabu, kwa namna yao. Hakuuliza mara ya pili.