Barua ya London Kanisani Rongai

Acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Nilipoomba nafasi ya shahada ya pili London, nilimsihi mzee wetu wa kanisa hapa Rongai: barua yao yoyote ikija kwa sanduku la posta la kanisa, aisome mbele ya watu baada ya ibada, kama anavyowasomea wasiojua kusoma. Nilitaka sifa.

Nafasi nikaipata kwa simu ya upepo, ile ya posta ya maneno machache. Lakini nikimtazama mama, mjane, na mimi ndiye mwanawe wa pekee, nikashindwa kumwacha. Nikachagua Kampala, maana treni ya huko hupita hapa. Mama nikamwambia London wamenikataa. London nikawaandikia kwamba mama ni mgonjwa. Mzee wa kanisa nikamsahau kabisa.

Jumapili ya mavuno akasimama na bahasha, akatafsiri kwa sauti ya kuhubiri: "Tunasikitika umeiacha nafasi yetu kwa kuwa mama yako hawezi hata kuinuka kitandani."

Kanisa zima likageuka. Mama alikuwa mlangoni, sadaka yake ya gunia la viazi ingali mgongoni. Akanitazama, machozi yakimlengalenga.

"Haya, mwanangu," akasema. "Njoo basi umtue mgonjwa."