Jangwa la Asani

Safia, mpiga picha wa Kasongo, hakuwa mtu wa kusahau. Wengine hasira zao hupoa. Yake aliifunika majivu ikae.

Aliyemtia hasira hiyo ni Asani, tajiri wa dhahabu, aliyepeleka mashine zake kijijini Wamaza kwenye shamba la karanga la mama yake Safia. Mashine zilipoondoka, mvua ilikuwa imesomba udongo wote mweusi, ukabaki mchanga mweupe, vilima kwa vilima. Mama aliposhitaki, Asani akaapa mbele ya shefu, mkuu wa kijiji, kwamba pale hapakuwa na shamba kamwe, palikuwa pori. Shefu akamwamini, au alijifanya. Mama akahamia Kasongo kwa binti yake, akawa wa kununua karanga sokoni, yeye aliyekuwa akiwagawia majirani. Hilo ndilo Safia hakulimeza. Alitaka Asani aumbuke mbele za watu, kwa mdomo wake mwenyewe.

Siku moja alipanda pikipiki hadi Wamaza na lenzi yake pana, ile inayoinamishwa shingo. Ukijua kuiinamisha, kokoto iliyo miguuni pako na mlima ulio mbali vyote hutoka wazi. Alipiga magoti ukingoni, palipobaki mafiga matatu ya mama yake yakiwa bado na masizi, akayaweka mbele. Nyuma akauweka mlima wa Wamaza wenye pengo. Katikati, mchanga mtupu. Ungetafuta ngamia. Picha akaichapisha kwenye bashi kubwa, turubai la plastiki, akaitundika studio kati ya pazia la Paris na la bahari ambayo wateja husimama mbele yake, akangoja.

Watu wa Kasongo hupenda kupigwa picha mahali ambapo hawajafika, na Asani alikuwa ametoka Dubai, ambako hakuona ila soko la dhahabu na chumba cha hoteli. Idi ilipokaribia akaingia na kanzu mpya.

"Dada Safia, weka ile ya jangwa. Watu wajue nilifika."

"Simama hapo, Papa Asani. Kidevu juu kidogo."

Aliyasema kwa heshima zote, na moyoni alikuwa akicheka kwa uchungu. Asani hakuutambua mlima. Huko Wamaza alikuwa akitazama karai la dhahabu tu.

Siku ya Idi picha ilining'inia sebuleni kwake, kubwa kama mlango. Wageni wengi walitoka Wamaza, shefu naye akiwa kwenye kiti cha mbele. Safia alikuja na mama yake.

"Hapo ndipo nilisimama, Dubai," Asani akawaambia. "Jangwa ya kweli. Hata majani haioti."

Shefu akasogea, akakunja uso. "Lakini ule mulima iko wa kwetu."

Vicheko vikakatika. Mama akainuka taratibu, akaweka kidole kwenye picha, chini ya pindo la kanzu.

"Na haya mafiga iko yangu. Asani, ulisema ilikuwa pori. Mu pori, nani alikuwa anapika?"

Asani akatokwa jasho. Macho yote yalikuwa kwake, akaropoka:

"Ni ujanja ya Safia! Alienda kupiga picha mu shamba ya mama yake!"

Shefu akamgeukia polepole. "Shamba ya nani, Asani?"

Safia alikuwa ameshatoa kamera mkobani. Miaka yote aliingoja sura hiyo.

"Papa Asani," akasema, "kidevu juu kidogo."